Gesi ya AC Hailiki

Swali: Fundi, salamu. Nina gari dogo la mwaka 1998. Nikiwa barabara kuu AC inapoza vizuri, ila nikikwama kwenye foleni hewa inageuka vuguvugu. Gari likianza kutembea, ubaridi unarudi. Mwaka huu nimejaziwa gesi mara mbili. Fundi wangu anasema gari likizeeka linakula gesi, kwa hiyo nizoee. Nizoee kweli?

Jibu: Usizoee, dada yangu. Gesi ya AC hailiki. Inazunguka ileile ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue imevuja. Gari la umri huo kuvuja kidogo kwenye sili ya kompresa (pampu inayosukuma gesi) au kwenye oringi (pete za mpira za kwenye viungo) ni kawaida, lakini upungufu wake huonekana baada ya miaka, si kila baada ya miezi michache. Na kwa dalili ulizoeleza, sidhani hata kama tatizo lako la kwanza ni gesi.

Ubaridi unaopotea kwenye foleni na kurudi gari likitembea mara nyingi maana yake ni kwamba kondensa haipati upepo. Kondensa ni ile inayofanana na rejeta, nyembamba, iliyokaa mbele ya rejeta ya maji. Hapo ndipo joto lililotolewa ndani ya gari linapotupwa nje, na gesi ya moto inageuka kimiminika. Ukiwa kwenye mwendo upepo unaingia wenyewe. Ukisimama, kazi yote ni ya feni. Feni ikizembea presha inapanda, ubaridi unapungua, na ikizidi sana swichi ya usalama inakata klachi ya kompresa.

Egesha gari mahali pa wazi, injini ikiwaka, AC kwenye baridi ya mwisho, boneti juu. Mikono na nguo viwe mbali na mikanda. Kompresa ikishika utasikia "tak", na kwenye magari mengi feni ya kondensa huanza papo hapo au muda mfupi baadaye. Isipoanza, kagua fyuzi, rilei na plagi ya waya, kisha brashi za mota. Inayonipa shaka zaidi ni feni inayozunguka kivivu, maana kila anayeichungulia anasema "mbona inafanya kazi" na kufunga boneti. Mwagia kondensa maji taratibu, usilowanishe mota, huku mwenzako ameweka mkono kwenye matundu ya dashibodi. Ubaridi ukirudi, tatizo ni upepo. Kama feni ni nzima, angalia uwazi kati ya kondensa na rejeta. Vumbi, majani na wadudu hujazana humo, na kuosha mbele tu hakufiki.

Sasa, ile gesi uliyojaziwa mara mbili. Gesi ikizidi kipimo presha inapanda zaidi, na foleni ndipo itakapokuumbua. Muulize fundi wako alipimaje. Akisema alitazama geji injini ikiwa imezimwa, hakupima kitu. R-134a, gesi ya AC ya magari ya umri wa lako, kwenye nyuzi joto 30 inasoma karibu psi 100, mfumo uwe umejaa au uwe nusu, mradi kimiminika kipo ndani. Kiasi sahihi ni cha uzito. Kwa kawaida kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, kwa gramu. Anatakiwa aitoe yote kwa mashine, avute hewa na unyevu kwa pampu, kisha ajaze kwa mizani. Kabla ya hapo atafute mavujo: oili husafiri pamoja na gesi, hivyo kiungo chenye vumbi lililoganda na mafuta ndicho cha kushuku kwanza.

Swali: Pikapu yangu ni ya 1991 na inatumia R-12, ile gesi ya AC ya zamani. Naambiwa niongezee tu R-134a juu yake. Ni sawa?

Jibu: Hapana. R-12 huharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 ndio ulioanza kuiondoa, na watengenezaji wa magari wakahamia R-134a katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Oili ya madini ya mfumo wako haichanganyiki na R-134a. Itabaki imetuama, na kompresa itazunguka kavu mpaka ijisage. Ukitaka kubadili, R-12 itolewe kwa mashine, oili ya zamani iondolewe, ya esta iwekwe, na oringi na draya (kile kichupa kinachonyonya unyevu) viwe vipya. R-134a nayo huanziwa kwenye asilimia 80 hivi ya uzito wa awali. Akikushauri gesi ya kupikia, chukua ufunguo wako uondoke: inawaka, na evaporeta (ile inayopoza hewa ya ndani) iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria.

Swali: AC ikiwashwa inanuka soksi mbichi. Nifanye nini?

Jibu: Ni ukungu kwenye evaporeta. Dakika chache kabla ya kufika uendako, zima AC uache feni ya ndani ipulize. Angalia pia mrija wa kutolea maji chini ya gari: kama hakudondoki kitu siku ya unyevunyevu, umeziba. Zulia la abiria likilowa maji yanayoteleza na kunukia utamu, hayo si ya AC. Hita inavuja.