Nywele Zikitoka, Tazama Kwanza Zinatoka Wapi

Kazi yangu ni kusuka, hapa Kenyatta Market, Nairobi, na swali lisiloisha kitini pangu ni hili: "Dada, nipake mafuta gani nywele zirudi?" Huwa naomba kwanza nikikague kichwa. Mahali zinapotoka ndipo penye sababu, na usipojua sababu, mafuta ni kutupa pesa.

Kuona nywele kwenye kitana si ugonjwa. Kichwa kina nywele kama laki moja, na kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Ukikaa na rasta miezi miwili, zote zilizotoka zimebanwa humo ndani. Siku ya kufumua zinaanguka kwa pamoja, nawe unashtuka bure.

Ninachokiona zaidi ni nywele za mbele na za juu ya masikio kwisha. Hapo ndipo msuko unapovuta. Tazama kwa karibu kichwa kilichokazwa: kwenye shina la rasta kuna kipele cheupe, ngozi imeinuka kama ya kuku aliyenyonyolewa, na mwenyewe hawezi kukunja uso wala kulalia ubavu. Wengi wanaamini msuko usiouma haudumu. Mimi siamini hivyo na sisuki hivyo. Ukiuma, shina linavutwa. Ukiacha mapema, nywele hurudi. Ukiendelea miaka na miaka shina hufa, ngozi hubaki laini ikimetameta, na hapo hakuna mafuta ya nyonyo wala maji ya kitunguu yatakayoziotesha. Hatari huzidi ukisuka rasta nzito juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha juzi, au ukibandika wigi kwa gundi kila mara.

Zikianza kupungua utosini, duara likapanuka, pengine na kuwasha au kuchoma, usingoje. Kuna ugonjwa unaotupata sana sisi wanawake weusi, unaoanzia hapo hapo na kuacha kovu kwenye mashina. Daktari wa ngozi anaweza kuuzuia usienee, lakini zilizokwisha kufa hazifufui.

Zikitoka kichwa kizima, kumbuka yaliyokupata miezi miwili au mitatu iliyopita. Ulijifungua? Uliugua homa kali, ukapasuliwa, ukafiwa? Akina mama huja hapa mtoto ana miezi minne, machozi yakiwalenga, nami huwaambia wasubiri, kwa kuwa nywele za uzazi kwa kawaida hurudi zenyewe. Kama hakuna lililotokea, kapime damu. Hedhi nzito hupunguza madini ya chuma mwilini, na tezi ya shingoni ikivurugika nywele hupukutika. Hayo hayatibiki saluni.

Mtoto mwenye mabaka ya magamba na nywele zilizokatika mara nyingi ana mapunye. Hiyo ni kuvu, huambukiza kwa kitana na kwa mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Dawa ya kupaka peke yake haifiki ndani ya shina. Anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kutoka kliniki. Baka la mviringo, laini, lisilo na magamba, ni jambo jingine: kinga ya mwili inashambulia mashina yake yenyewe. Si uchawi, na tafadhali msimtenge mtu kwa hilo.

Kipara cha wanaume kinachoanzia pembe za paji na utosini ni cha ukoo na homoni, na hurithiwa kwa mama pia, si kwa baba tu. Minoksidili, iliyoanza kama dawa ya shinikizo la damu, huwasaidia baadhi, ila ukiiacha zilizoota huondoka.

Ukienda kusuka, sema "legeza" tangu mstari wa kwanza, usingoje kichwa kiishe. Msusi akikataa, inuka; sokoni humu tumejaa. Na ukiona ngozi ya mbele imeanza kumetameta, pesa ya msuko ujao ipeleke kwa daktari wa ngozi.