Mkate, chumvi na njiwa wa bwana: majibu kuhusu Ufaransa kabla ya Mapinduzi ya 1789

Shikamoo mwalimu. Je, watu wa tabaka la tatu wote walikuwa maskini?

Marahaba. Hapana. Sheria iliwagawa Wafaransa milioni 28 hivi mafungu matatu: makasisi, makabaila, na waliobaki, yaani tabaka la tatu. Hao waliobaki walikuwa zaidi ya watu 95 katika kila 100. Humo alikuwamo mwenye meli wa Bordeaux aliyetajirishwa na sukari ya watumwa wa Saint-Domingue, koloni ambalo leo ni Haiti, na humohumo kibarua asiye na viatu. Kule Bretagne ungemkuta kabaila fukara, nyumba yake inavuja, lakini ana upanga kiunoni na taille, kodi kuu ya mfalme, haimgusi. Walitengwa kwa kuzaliwa, si kwa mali, ingawa tajiri aliweza kununua cheo cha katibu wa mfalme na kupata ukabaila humo.

Mkulima alilipa nini hasa?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linatuingiza shambani. Mfalme alichukua taille. Kanisa lilichukua zaka palepale kwenye mavuno. Bwana wa eneo alidai ushuru wake, kisha akamlazimisha mkulima kusaga nafaka kwenye kinu chake na kuoka kwenye tanuri lake, kwa malipo. Ilikuwapo pia shokoa ya kutengeneza barabara, siku kadhaa kila mwaka bila ujira. Na chumvi! Katika mikoa iliyotozwa zaidi, kila kaya ililazimishwa kununua kiasi kilichopangwa kwa bei ya serikali, ihitaji isihitaji. Hadi 1748, aliyeipitisha kwa magendo aliweza kupelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme.

Kinachoniuma zaidi ni njiwa. Bwana aliwafuga, wakala mbegu za mkulima, na mkulima hakuruhusiwa kuwaua.

Makabaila hawakulipa kodi yoyote?

Walilipa. Kodi ya kichwa iliyoanzishwa 1695 iliwahusu, ila wengi walikadiriwa kidogo mno.

Kwa nini kila mara mnataja mkate?

Kwa sababu ndio uliokuwa chakula chenyewe. Mvua ya mawe ya Julai 1788 iliharibu mashamba, kisha kikaja kipupwe kikali. Mwanzoni mwa 1789, mkate wa karibu kilo 2 uliokuwa ukiuzwa sous (sarafu ndogo za wakati huo) 8 au 9 mjini Paris ulifika sous 14 na nusu, na kibarua wa ujenzi alipata sous 30 hivi kwa siku. Toa kodi ya chumba, toa kuni, kisha uhesabu watoto. Tarehe 5 Oktoba wanawake wa sokoni waliongoza maelfu kwa miguu hadi Versailles kumdai mfalme mkate.

Ni kweli Bunge lilifuta mizigo hiyo yote usiku wa 4 Agosti 1789?

Shokoa ya bwana, yaani kazi ya bure aliyofanyiwa, na haki yake ya njiwa zilikwenda. Lakini ushuru mwingi wa ardhi mkulima aliambiwa ajikomboe kwa fedha, hadi ulipofutwa bila fidia Julai 1793. Kodi ya chumvi iliondolewa 1790. Napoleon akairudisha 1806.