Umechakachua, au Umeiba Tu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro. Fundi aliyenitengenezea laptopu aliniambia ameniwekea programu "za kuchakachua", nisiwe na wasiwasi. Nilipomsimulia mjomba wangu, ambaye ni dereva wa lori, alicheka sana. Anasema kinachochakachuliwa ni dizeli, na ukizidisha basi kura; kompyuta haihusiki. Nani yuko sahihi? Na neno lenyewe ni Kiswahili, au ni la vijiweni?

JIBU: Marahaba. Kwanza mpe mjomba salamu zangu. Kwa dereva wa lori, dizeli iliyochakachuliwa si mjadala wa msamiati. Ni pampu kufa katikati ya mlima Kitonga saa nane usiku, na wewe huna hata tochi.

La vijiweni nilimalize upesi. Neno limetokea mtaani, ndiyo, lakini mbona lina adabu zote za nyumbani? Chakachua, chakachulia, chakachuliwa, chakachulika, mchakachuaji, uchakachuaji. Ile "l" inayochomoza kwenye chakachuliwa ndiyo ileile ya pasua na pasuliwa, nunua na nunuliwa. Hakuna mwalimu aliyewafundisha vijana wa kijiweni kuirudisha. Sasa mlinganishe huyu na yule mgeni aliyetoka kwenye "crack" ya Kiingereza, anayeitwa "imekrakiwa", uone nani kalelewa na nani kaokotwa. Asili yake isikilize tu: umo mchakacho wa nyayo kwenye majani makavu, yumo kuku anayechakura jalalani, na mwishoni ipo ile -ua ya kufungua na kuzibua. Inatosha, hatukuja kufukua makaburi.

Nchi nzima ililishika neno hili mnamo 2010, na lilitufikia kupitia vituo vya mafuta. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kwa sababu ni ya mwenye kibatari. Wajanja wakaona mwanya: yatie kwenye dizeli au petroli, uza kwa bei ya dizeli na petroli, chenji weka mfukoni. Mwaka huohuo EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta ili halali ijulikane na haramu (na hapo neno zuri la ukoo na nasaba likajikuta limemwagwa ndani ya tangi). Bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuchanganya kusilipe tena. Wachanganyaji walinuna, na wenye vibatari, ambao hawakuchanganya chochote, ndio waliolia. Kenya nao walifika palepale 2018, wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu hiyohiyo.

Mimi lilinipata kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Gari lilikohoa kilomita mbili, likazima. Fundi alikuja na baiskeli, akanyonya petroli kidogo kwa mpira, akadondosha tone kwenye karatasi ya daftari, akaipungia upepo. "Petroli safi ingekuwa imeshakwenda zake," akasema. Yangu ilikuwa imebaki pale, doa la mviringo linalong'aa kama chapati. Ilikuwa na jina la petroli na bei ya petroli, ilitoka kwenye bomba lililoandikwa petroli, na ndani yake mlikuwa na mgeni.

Sasa shika hapo, maana ndiyo maana yote ya neno. Kuchakachua kunataka mambo matatu kwa pamoja: chombo kibaki kilekile, lebo ibaki ileile, na ndani pawe pameingizwa kisichokuwamo. Likikosekana moja, tafuta kitenzi kingine, Kiswahili hakijafilisika.

Ndiyo maana neno lilipohama kutoka kituo cha mafuta kwenda kituo cha kupigia kura, halikupotea njia. Baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2010, waliolalamikia matokeo walisema kura zimechakachuliwa. Mimi sihukumu madai, nahukumu sarufi, na sarufi ilikuwa safi: sanduku lilelile, lakiri ileile, na ndani, kwa mujibu wa mlalamikaji, wageni. Sanduku likichomwa moto halijachakachuliwa, limechomwa. Mwaka 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipomaliza kazi na Katiba Inayopendekezwa ikatoka, wakosoaji walisema rasimu ya Tume ya Jaji Warioba imechakachuliwa. Ukikubaliana nao au usikubaliane, huwezi kusema hawajui Kiswahili.

Kinachonikera ni kingine, na nakushukuru kwa kunipa nafasi ya kukisema. Siku hizi kitenzi hiki kimekuwa kilafi. Mtu akiiba, kachakachua. Akikosea, kachakachua. Mpishi akiunguza wali, kauchakachua. Kuna hata wanaosema mchumba wa fulani "kachakachuliwa", na hapo huwa nafunga redio. Mtu si dizeli. Na kila kinapomeza, vitenzi vizima vinakufa njaa pembeni. Wazee walikuwa na kughushi: maziwa yakitiwa maji yameghushiwa, dhahabu ikitiwa shaba imeghushiwa. Leo kughushi kumebakiziwa karatasi tu, hati na saini, na huko nako hakuna usalama. Mwaka 2017 ilipotangazwa orodha ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, nchi nzima ilisema nini? "Vyeti feki." Bandia alikuwa amekaa mlangoni anasubiri kuitwa, hakuna aliyemtazama.

Lakini mfano unaonikosesha usingizi ni huu. Mwanafunzi wangu mmoja aliniandikia, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Kitabu kilikuwa ghali, hivyo nilikichakachua." Nikamwita. Ulikifanyaje? Nilikipeleka steshenari, mwalimu. Kurasa ngapi? Zote. Uliongeza sura yako mwenyewe? Hapana. Ulichomoa ya tatu ukatia ya kitabu cha ushonaji? Hapana, mwalimu. Nikamwomba nikione. Kilikuwa kile kitabu, neno kwa neno, picha kwa picha; hata doa la chai la mwenye nakala ya kwanza, ukurasa wa 43, lilikuwamo, limetoka vizuri kuliko picha ya mwandishi. Sasa jamani! Hicho ndicho kitabu kisichochakachuliwa kuliko vyote nilivyowahi kushika. Kingekuwa kimechakachuliwa kweli, angesoma mpaka katikati ya historia ya Kilwa akute namna ya kupiga lupu tundu la kifungo, na jalada likiendelea kuapa kwamba ni historia. Alichofanya kina majina yake: kanakili, kadurufu, katoa kopi. Na kwa kuwa hakuwa na ruhusa, kavunja hakimiliki, jambo ambalo Tanzania lina sheria yake ya mwaka 1999, nayo hailindi vitabu tu. Programu za kompyuta zimo. Ila "nimevunja hakimiliki" inauma mdomoni, na "nimechakachua" inachekesha. Ndiyo siri ya ulafi wake.

Turudi kwa fundi wako. Mjomba kakosea kusema kompyuta haihusiki. Inategemea fundi alifanya nini, na mafundi hufanya mambo mawili tofauti wanayoyaita jina moja.

La kwanza ni la steshenari. Rafiki yake alinunua programu kwa leseni ya mashine moja, yeye kaisambaza kwenye mashine kumi na mbili. Haikuguswa hata herufi. Hapo pana kunakili bila leseni, na ukitaka ukali sema wizi. Magazeti hupenda "uharamia", neno ambalo mimi nalihurumia. Limetolewa baharini, huko linakotisha kweli, likaletwa kukaa kwenye duka la simu, kati ya chaja na makava.

La pili ndilo la kituo cha mafuta. Unapewa folda, ndani yake pana programu, faili moja dogo la ziada, na maelezo ya kusoma kwanza. Maelezo hayo huwa yanasema: zima antivairasi. Yaani mlinzi aende akanywe chai kwanza. Kisha nakili faili hili, libandike juu ya lile la asili, ukiulizwa kama unataka kubadilisha, kubali. Jina la faili halibadiliki, nembo kwenye skrini haibadiliki, programu inafunguka kama kawaida. Lakini lile faili lililokuwa likiulizia leseni halipo tena. Aliyekaa kwenye kiti chake ni mgeni asiyeuliza kitu, na kazi zake nyingine huzijui. Chombo kilekile, lebo ileile, ndani pameingizwa kisichokuwamo. Bwana, hiyo imechakachuliwa, hata mjomba akilinusa hilo faili atakubali.

Kuna na la tatu, la wale waliokuwa wakichakachua modemu. Kampuni ya simu ilikuuzia modemu inayokubali laini yake peke yake. Kijana akaipekuapekua mpaka ikakubali laini zote. Hapo kilichoongezwa ni nini, na nani kadanganywa, wakati mwenye modemu ndiye aliyelipa ifanywe hivyo? Kwa kipimo changu haipiti. Lakini nimechoka kugombana na kila mtu, na kwa kuwa kweli kilichofungwa kilifunguliwa, kwa heshima ya ile -ua nawaachia.

Kwa hiyo ukikutana tena na fundi wako, muulize: hizi umezichakachua au umezinakili tu? Mimi wangu nilimuuliza hivyo hivyo, pale Kariakoo, nikiwa nimejiandaa kwa somo zima. Akainua macho kutoka kwenye kibodi, akafikiri kidogo.

"Mzee, mimi sijachakachua kitu," akasema. "Aliyechakachua yuko mbali, simjui hata jina. Mimi nimenakili."

Nikakosa la kusahihisha. Nikamuuliza bei.