Chora Mishale Kwanza, Kanuni Baadaye

Wanafunzi wa fizikia ninaowasaidia huitamka kanuni ya pili ya Newton bila kusita: kani (msukumo au mvuto) ni sawa na tungamo (kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu) mara mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa mwendo). Wape swali la sanduku linalosukumwa sakafuni, wengi hukwama. Hesabu haina ugumu. Tatizo ni kwamba kani inayotajwa pale ni kani ya jumla, yaani ile inayobaki baada ya kani zote kujumlishwa na kupunguzana, na wao huchukua ya kwanza wanayoiona kwenye swali.

Kwa hiyo chora kitu kimoja tu, peke yake, kisha weka mshale kwa kila kani inayotoka nje na kutenda juu yake. Sanduku la kilogramu 10 linasukumwa kwa nyutoni 50 (nyutoni ni kipimo cha kani), msuguano unalizuia kwa nyutoni 30. Zinabaki 20. Gawanya kwa 10, unapata mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Uvutano wa dunia na kani ya sakafu inayolisukuma sanduku juu vichore pia, hata kama hapa vinafutana. Sakafu ikiinama utavihitaji.

Halafu ninawauliza swali ninalolipenda: sanduku likiwa tayari linakwenda, punguza kani ya kusukuma hadi nyutoni 30. Itakuwaje? Karibu wote husema litasimama. Halisimami. Kani ya jumla ni sifuri, basi mwendo haubadiliki, linaendelea vilevile. Usijione mjinga ukikosea hapa. Tangu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, watu waliamini kitu hakiendi bila kusukumwa, na Newton alichapisha kanuni zake mwaka 1687 tu.

Tungamo na uzito, yaani kani ya uvutano juu ya kitu, usivichanganye. Kilogramu 10 zina uzito wa nyutoni 98 duniani na kama 16 mwezini, lakini tungamo ni lilelile. Kizito huvutwa zaidi, ila kwa kiasi hichohicho ni kigumu kuchapuka. Ndiyo maana nyundo na unyoya alivyoviachia mwanaanga David Scott wa Apollo 15 mwezini, pasipo na hewa, mwaka 1971, vilifika chini pamoja.

Jipime na hili: mtu wa kilogramu 60 amesimama juu ya mizani ndani ya lifti inayochapuka kwenda juu kwa mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Mishale ni miwili tu. Mizani inamsukuma kwa nyutoni ngapi? Jibu ni 708. Ukipata 588, lifti yako imesimama, au inapanda kwa mwendo usiobadilika.