Ibara ya 24 ya Katiba haizuii reli kupita shambani

SWALI: Shikamoo wakili. Reli ya kisasa (SGR) ya Tabora–Kigoma imepimwa kupita kwenye shamba la ukoo huku Uvinza, michikichi aliyoacha marehemu babu. Hati hatuna. Kuna bwana anatuchangisha tufungue kesi ya kikatiba, na ametukataza kusaini fomu za uthamini. Tumsikilize?

JIBU: Marahaba. Msimpe hata shilingi. Suala la hati lisiwanyime usingizi: tangu 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ilishasema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba.

Kinachonichosha ni huu uongo kwamba Ibara ya 24 inaizuia Serikali kutwaa ardhi. Isomeni wenyewe. Inakataza mtu kunyang'anywa mali bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Sheria hiyo, ya Utwaaji Ardhi, ipo tangu 1967, na reli ni manufaa ya umma, hapo hakuna ubishi. Tena Mahakama Kuu haitakiwi kushughulika na shauri la kikatiba palipo na njia nyingine ya kutosha ya kupata haki. Hilo kishoka wenu, huyo anayewachangisha, hawaambii, maana mchango utakoma.

Vita yenu iko kwenye fomu ya uthamini. Mthamini akija, mtu wenu atembee naye, wahesabu mchikichi mmoja mmoja, mkubwa na mchanga, na kaburi la babu liandikwe. Msisaini kabla ya kusoma idadi, ukubwa wa eneo na jina. Jina la marehemu likibaki pale, hakuna wa kupokea hela, kwa hiyo kaeni kikao cha ukoo wiki hii, mkafungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Mnadai bei ya soko ya ardhi yenyewe, si miti tu, pamoja na posho ya usumbufu. Isipolipwa ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa, daini riba.

Mkipunjwa, ipeni Serikali notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, ndipo muende Mahakama Kuu. Yapo madai ya fidia ambayo muda wake ni mwaka 1 tu, na ukoo baada ya ukoo huumalizia kwa vishoka, fomu hazijajazwa, tingatinga liko njiani. Yeyote anayewachangisha, hapo Uvinza au popote, mtafuteni jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wenye orodha ya mawakili. Asipokuwemo, mrudishiwe michango yenu.