Kabla ya kununua dumu la mafuta, uliza lina nini ndani

Wiki iliyopita binti mmoja wa Pangani aliniandikia kwamba anataka kuanza kuuza samaki wa kukaanga, na kwamba kila anayemuuliza humpa jibu tofauti: mmoja anasema mafuta ya mchanganyiko ndiyo ya biashara, mwingine anasema hayo ni sumu na mwenye akili hutumia mafuta ya asili tu. Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikaona haitoshi, kwa sababu swali lake lilinirudisha kwenye aibu niliyoipata Lushoto, ambayo nikiikumbuka hadi leo moyo hunisokota.

Ilikuwa mwezi wa Julai, harusi ya wifi yangu. Kwa kuwa ninaishi Ngamiani, hapa Tanga mjini, na nimekaanga samaki na mihogo kwa miaka mingi, jukumu la mafuta nilikabidhiwa mimi. Nilinunua dumu la lita 20 lenye picha ya ua la alizeti upande mzima, muuzaji akaniapia kwamba ni alizeti tupu, nami nikaongeza chupa mbili za mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe. Tulipanda zile kona za kutoka Mombo jioni, mizigo ikalala uani. Alfajiri wapishi walipofungua dumu, mafuta hayakumiminika. Yalitoka kwa mabonge ya manjano yaliyopauka, mazito kama uji uliolala, na mwanamke aliyelishika dumu akalitikisa mara mbili, kisha akanitazama. Mafuta ya nazi nayo yalikuwa yameganda, lakini hayo hayakumshangaza mtu, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya Julai kule milimani ni baridi kuliko hapo. Mama mkwe wangu alichota kidogo kwa kijiko, akayasugua kati ya vidole, akasema taratibu, "Mwanangu, alizeti haigandi hivi." Wifi yangu mkubwa hakuwa na upole huo: aliniuliza mbele ya wageni kama ndivyo tunavyowalisha watu huko mjini.

Mafuta yaliyeyushwa motoni, pilau ikaiva, watu wakala wakashiba. Mimi sikula.

Niliporudi Tanga na dumu tupu nililigeuza nyuma, na pale, kwa herufi ndogo ambazo ningeweza kuzisoma tangu dukani, paliandikwa kwamba ni mchanganyiko wa mafuta ya mimea, na cha kwanza kutajwa kilikuwa oleini ya mawese, yaani ile sehemu ya majimaji inayotengwa baada ya mawese kusafishwa, ambayo kwa wingi hutoka Malaysia na Indonesia. Nilipomrudia muuzaji alinijibu kwamba baridi ya Lushoto ndiyo mbaya. Sikununua tena kwake.

Kwa hasira niliapa kutogusa mafuta ya kiwandani, na hapo nikafanya kosa la pili. Niliagiza alizeti ya Singida iliyokamuliwa kwa mashine na kuchujwa kwa kitambaa tu, nikakaangia samaki aina ya changu na vibua. Harufu yake ilikuwa nzuri mno, lakini mafuta yalifanya povu, yakawahi kutoa moshi, na samaki wakatoka wamebabuka nje huku ndani bado. Mafuta yasiyosafishwa hayastahimili moto mkali. Yale ya kiwandani hustahimili kwa sababu yameondolewa uteute, rangi na harufu, ingawa mawese hupoteza humo humo ule wekundu wake wenye manufaa. Tena, sheria ya nchi yetu inavitaka viwanda vinavyosafisha mafuta ya kula viyaongezee vitamini A, jambo ambalo mkamuaji mdogo mara nyingi halifanyi. Nalo ndilo linalonifanya niumie kila nikiona madumu yamepangwa juani nje ya duka, maana mwanga huiharibu vitamini hiyo.

Kwa hiyo neno "asili" peke yake lisikutoshe, mdogo wangu. Mafuta ya nazi ni ya asili, na mimi nimekua nayo: nimemwona mama akikuna nazi kwenye mbuzi, akikamua tui kwa kifumbu na kulichemsha mpaka mafuta yajitenge na mashapo yawe rangi ya kahawia, na mchuzi wa samaki bila harufu ile kwangu haujakamilika. Hata hivyo zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, ile inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu, wakati mawese yana karibu nusu na alizeti karibu asilimia 11. Mwenye shinikizo la damu au historia ya moyo nyumbani kwao hapaswi kujifariji kwamba kinachotoka shambani hakimdhuru. Wala mchanganyiko si sumu. Mawese ndani yake huyafanya mafuta yasiharibike upesi kwenye karai. Ubaya ni kuuziwa mawese kwa bei ya alizeti, na ubaya mkubwa zaidi ni kukaangia mafuta yale yale siku tatu mpaka yawe meusi na mazito, halafu kuwauzia watoto wa shule bajia humo. Kwa jambo hilo sina upole: anayefanya hivyo anajua anachokifanya, na amwage.

Wewe wa Pangani, kaangia mafuta yaliyosafishwa, ya nazi uyaweke kwa mchuzi na wali, na kila dumu jipya lisome nyuma kabla ya kulipa. Ukiwa na shaka, jaza kichupa ukilaze kwenye jokofu. Alizeti isiyosafishwa inaweza kutuliza utando mwembamba wa nta chini, lakini ikigeuka bonge zima, umeuziwa kitu kingine.

Mwezi ujao kuna harusi nyingine Lushoto, na mama mkwe amesema mafuta nilete mimi. Kichupa changu kipo kwenye jokofu tangu juzi, na asubuhi ya leo nilipokiinamisha mafuta yalitiririka.