Kabla hujanunua punda wako wa kwanza

Watu wanaonipigia simu kuulizia punda huanza na bei. Mimi huwauliza kwanza: ukienda msibani Geita ukakaa siku tatu, punda anabaki na nani? Anayenitajia mtu anayejua kumfunga, kumnywesha na kumkagua mgongo, huyo tunaendelea kuzungumza. Anayesema "watoto wapo" namwomba asubiri kwanza. Hela ya kununulia si jambo gumu sana, ukiuza mahindi na mbuzi wachache unaipata. Kigumu ni muda wa kila siku, kwa sababu punda akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 30. Mtoto wako anayeanza darasa la kwanza leo anaweza kuja kuwa na watoto wake, na punda bado yuko zizini.

Mimi ninao wawili hapa Kayenze, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Wananiletea maji ya bustani, na mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, ukichangamka wanavuta magunia ya dagaa hadi barabarani. Nawapenda, na ninaandika haya kwa sababu kila kiangazi naona punda wapya wakinunuliwa na watu ambao hawajajiandaa.

Vijana wengine huniulizia farasi. Kwa ukanda huu wa ziwa nawashauri waachane naye. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi, vile vidudu vidogo vinavyouma kuanzia jioni, na huua sehemu kubwa ya farasi wanaoupata. Punda wetu mara nyingi huupitia bila hata kuonyesha dalili.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: fanya kazi na punda wa mtu mwingine kwanza, kiangazi na masika pia. Kabla sijanunua wangu nilikuwa namsaidia babu mmoja jirani kupeleka maji. Kila jioni, kabla hajakaa chini, alifungua mikanda, akapitisha kiganja taratibu kuanzia mabegani hadi kiunoni, kisha akarudi kinyume cha manyoya. Akigusa mahali penye joto, au manyoya yaliyoanza kukatika, kesho yake punda huyo hafungwi. "Mjukuu wangu, huyu hatalia," aliniambia. "Weka mkono."

Na kweli halii. Mbuzi akiumwa utamsikia. Punda akiumwa anasimama tu, kichwa kimeshuka kidogo, masikio hayafuati sauti, na mtu asiyemzoea atasema amepumzika. Wengine hupeleka mdomo kwenye majani kana kwamba wanakula, ilhali majani hayapungui. Hilo lishike sana, kwa sababu punda aliyeacha kula yuko hatarini kuliko unavyodhani: mwili unaanza kumwaga mafuta yake kwenye damu, na ini na figo zinaweza kushindwa kazi ndani ya siku chache. Asiyekula asubuhi, mtaalamu wa mifugo anapigiwa asubuhi hiyo hiyo. Kama huna namba ya mtaalamu wa mifugo wa kata yako kwenye simu, itafute kabla ya kutafuta punda.

Halafu piga hesabu ya mzigo, na uipige kwa ukweli. Punda mkubwa wa huku kwetu ana kama kilo 150, wengi hawafiki hapo. Mgongoni asibebe zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, yaani kama kilo 50. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20. Kwa hiyo madumu mawili, moja kila upande, anayaweza. Manne ni kilo 80, na kila siku nawaona wakipandisha nayo kutoka ziwani huku miguu ya nyuma ikitetemeka. Ikiwa biashara yako haiendi bila madumu manne kila safari, basi hujawa tayari kwa punda mmoja. Unahitaji mkokoteni, au unahitaji kusubiri. Watu watakuambia punda afe mzigo ufike. Mtu mwenye msemo huo asinunue mnyama.

Mkokoteni nao una mambo yake. Usukumani tumezoea nira ya ng'ombe, na mtu akipata punda huona rahisi kumwekea nira ile ile. Ng'ombe anasukuma kwa shingo na nundu. Punda hana nundu, nguvu yake inatokea kifuani, na nira inamchuna shingo hadi nyama. Anataka mkanda mpana unaopita kifuani, uwe na kitambaa laini ndani, blanketi kuukuu linatosha. Fundi viatu mzuri anakushonea. Kamba ya nailoni usiiweke kabisa kwenye ngozi yake, inakata.

Nunua wawili. Najua hii inawakatisha tamaa wengi, lakini punda ni mnyama wa kundi, anafungamana na mwenzake kiasi kwamba wakitenganishwa ghafla mmoja anaweza kuacha kula, na nimeshaeleza kuacha kula kunaishia wapi. Wangu ni jike na dume aliyehasiwa, wanatulia. Dume ambaye hajahasiwa si wa mtu anayeanza, hata akiwa wa bei ya kutupa.

Chakula kinawachanganya sana waliotoka kwenye ng'ombe wa maziwa. Punda ameumbwa kwa majani makavu na mengi: mabua ya mahindi, majani ya mpunga, nyasi za kiangazi. Ukimjaza pumba kwa nia njema utampa msokoto wa tumbo, au kwato zitaanza kuuma. Maji anayataka safi. Ndoo yenye utelezi ataigomea hata akiwa na kiu kali.

Huku ziwani tatizo letu kubwa ni unyevu. Manyoya ya punda hayazuii mvua kama ya farasi, anaroa hadi ngozini. Lazima awe na paa na sakafu kavu. Kwenye mawe ya huku Mwanza kwato hujisaga zenyewe kidogo, lakini punda anayeshinda kwenye tope la ufukweni kwato zake hurefuka na kuoza katikati. Zinahitaji kukatwa na mtu anayejua, kila baada ya wiki 6 hadi 10. Kidonda chochote cha kwato kinaweza kuleta pepopunda, na punda ni dhaifu mno kwa ugonjwa huo. Muulize mtaalamu kuhusu chanjo, na uulize mapema, si siku atakapokanyaga msumari.

Zizi lijengwe karibu na nyumba. Kwa miaka mingi punda wameibwa kwa ajili ya ngozi zinazochemshwa kutengeneza dawa ya Kichina. Tanzania ilizuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi mwaka 2022, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakapiga marufuku biashara ya ngozi za punda bara zima. Nilifurahi sana siku hiyo, lakini bado nalala mahali ninapowasikia.

Ukiona mambo haya bado hayajakaa sawa, lipia mkokoteni wa jirani kwa msimu mmoja zaidi. Yakikaa sawa, nenda mnadani mapema na mtu aliyezoea punda. Mfungue mdomo: meno ya mbele ya kudumu huwa yamekamilika akifika kama miaka mitano, na mwenye meno ya utoto bado hafai kazi nzito, hata muuzaji akiapa. Ondoa gunia lolote lililowekwa mgongoni uone ngozi. Mtembeze kwenye ardhi ngumu, nyanyua kila mguu, na umwone akila kabla hujatoa hela. Risiti na kibali cha kusafirisha mifugo uvipate hapo hapo mnadani. Na kama njia ya nyumbani ni ndefu, mtembeze polepole bila mzigo wowote, na wiki ya kwanza mwache azoee maji na watu wako kabla ya kumfunga chochote.